Penye Miti Hapana Wajenzi: Msitu wa Amani na Maneno Yetu

Wahenga walisema kwamba penye miti hapana wajenzi. Aghalabu methali hii hutumiwa kumsuta mtu aliyejaliwa mali asijue kuitumia. Katika makala haya tunataka kuirudisha penye miti yenyewe, yaani msituni, na kuuliza swali ambalo twaona linawahusu walimu na wanafunzi wa sekondari kuliko linavyowahusu mabwana misitu. Je, fasihi yetu ya Kiswahili imejenga nini kwa miti ya nchi hii? Tumepanda milima, tumepita misituni, tumerudi nyumbani salama. Nasi tumeandika nini?

Mfano tuliouchagua ni Msitu wa Amani, katika milima ya Usambara ya Mashariki, wilayani Muheza, mkoa wa Tanga. Msitu huu ulitangazwa kuwa Hifadhi ya Mazingira Asilia mwaka 1997, lakini sifa zake ni za zamani zaidi. Mwaka 1902 Wajerumani walianzisha hapo kituo cha uchunguzi wa kilimo na bustani ya mimea, wakaleta miche kutoka pande nyingi za dunia: mikwinini, mipira, mibuni na mingineyo. Waingereza walikiendeleza kituo hicho mpaka mwaka 1948, uchunguzi wa kilimo ulipohamishiwa Muguga, nchini Kenya. Siku hizi wageni wengi waendao Amani huenda kutembea. Zipo njia za miguu zilizotengenezwa kwa kazi hiyo: njia ya kilima cha Mbomole, ya Derema, ya Kwamkoro, na ile ipandayo kutoka Zigi hadi Amani. Hii ya mwisho ndiyo tuliyoifuata.

Zigi ndipo ilipoishia reli ndogo ya Wajerumani, iliyojengwa ili kuteremsha magogo kutoka mlimani. Mahali hapo pana urefu wa karibu mita 450 juu ya usawa wa bahari, na Amani yenyewe i zaidi ya mita 900. Tulifuatana na darasa la kidato cha tatu kutoka Tanga mjini, walimu wao wawili, na kiongozi wa njia. Kwa mtu wa makamo yetu, aliyezoea kiti cha ofisi, njia ile si ya mzaha. Mizizi imejipanga kama ngazi, udongo ni mwekundu na huteleza, na jasho halikauki kwa sababu hewa yenyewe imelowa. Hondohondo akipita juu, mtu husikia vishindo vya mbawa zake kabla hajamwona. Mtambara husimama umenyooka kama nguzo ya msikiti, na asimamaye shinani pake hawezi kukiona kilele chake.

Penye jabali lenye kivuli, kando ya kijito, kiongozi alitusimamisha. Palikuwa na mmea mdogo ulioshika katika ufa wa jiwe, wenye majani manene ya mviringo yaliyofunikwa na vinyweleo laini, na maua ya rangi ya zambarau yenye manjano katikati. Kiongozi alitaja jina lake la kisayansi, kisha akataja la Kiingereza. Mwanafunzi mmoja akauliza, "Na kwa Kiswahili?" Kiongozi akacheka, akajibu kwamba na sisi tunaliita vivyo hivyo. Hapo tulimwona binti mmoja, ambaye kwao ni huko huko milimani, akitabasamu na kuinamisha kichwa. Tulimsogelea tukamwuliza kulikoni. Akajibu kwa sauti ndogo, "Bibi analo jina lake, lakini ni la kilugha tu." Mwalimu akatazama saa yake, nayo safari ikaendelea. Jina lile halikutajwa.

Makala haya yote yametokana na neno lile moja, *tu*.

Yafaa kwanza tueleze habari za ua lenyewe. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, aliyekuwa mtawala wa Kijerumani mjini Tanga, aliuona mmea huo, akaupeleka kwa baba yake Ujerumani. Mwaka uliofuata mtaalamu wa mimea Hermann Wendland, wa bustani ya Herrenhausen katika mji wa Hannover, aliuandika katika vitabu vya sayansi kwa jina la Saintpaulia, kwa heshima ya ukoo wa mtawala yule. Tangu hapo ua hilo limeenea madirishani mwa nyumba za Ulaya na Marekani, likazalishwa kwa rangi nyingi, likawa biashara kubwa. Waingereza huliita urujuani wa Afrika, ingawa wala si jamaa ya urujuani. Wajerumani huliita urujuani wa Usambara. Mwaka 2015 wataalamu waliliingiza katika jamii kubwa zaidi ya mimea iitwayo Streptocarpus, na hivyo hata jina la mtawala yule likateremshwa cheo. Mwungwana msomaji atazame jambo hili: ua moja dogo limepewa majina na watu waliolikuta, na watu waliolinunua, na watu waliolichunguza maabarani. Jina la watu waliozaliwa karibu nalo ndilo lililoonewa haya siku ile, tena likaonewa haya na mtoto wao wenyewe.

Baada ya wiki mbili mwalimu wa darasa lile alitupa insha za wanafunzi wake tuzisome. Tulizisoma zote kwa makini, nasi tunakiri kwamba Kiswahili chake kilikuwa safi. Sarufi haikuwa na kasoro kubwa, na aya zilipangwa vizuri. Lakini tulipomaliza tulijiona kama tuliosoma insha moja mara nyingi. Kila mwandishi aliondoka alfajiri na mapema. Kila mmoja alikuta mandhari ya kupendeza, hewa safi na upepo mwanana, akawasikia ndege wakiimba nyimbo tamu, akarudi jioni akiwa amechoka lakini mwenye furaha. Insha hizo zingeweza kuandikwa juu ya Kilimanjaro, au bustani ya mjini, au mahali ambapo mwandishi hakupata kufika kamwe. Zilijaa sifa, lakini vitu vyenyewe vinavyosifiwa havikuwamo. Hatukukuta mtambara, wala hondohondo, wala udongo unaoteleza, ingawa tuliwaona kwa macho yetu wanafunzi watatu wakianguka.

Kosa hilo la kwanza ni la uvivu, nalo lasameheka. Kosa la pili ni zito zaidi. Wanafunzi kadhaa waliandika kwamba ua lile la jabalini lilikuwa likinukia, na mmoja alisema harufu yake "ilituburudisha nyoyo." Ua lile halina harufu. Sisi wenyewe tuliinama tukalinusa. Mwanafunzi yule hakukusudia kusema uongo. Alifundishwa kwamba neno "ua" huandamana na neno "harufu" kama kombe na mchuzi, na kalamu yake ikafuata desturi badala ya kufuata pua. Hivyo ndivyo maneno ya kuazima yanavyofanya: hayaishii kuificha kweli, bali hutoa ushahidi wa uongo mahali pa kweli.

Kosa la tatu ndilo lililotusikitisha kabisa. Mto Zigi hutoka katika milima ile, na maji yake, yakikusanywa katika bwawa la Mabayani, ndiyo yanywewayo Tanga mjini. Wanafunzi wale asubuhi ya safari yao waliamka, wakaoga, wakapiga mswaki kwa maji ya msitu ule ule waliokuwa wakienda kuuona. Walipofika walivuka vijito vyake kwa kurukaruka mawe. Lakini hakuna hata mmoja aliyeandika kwamba alikutana na maji ya nyumbani kwao. Waliuandika msitu kama wageni waliolipa kiingilio, wakautazama, wakaondoka.

Kabla hatujaendelea kuwalaumu vijana, ni haki tujilaumu wenyewe. Miaka mingi iliyopita tuliwahi kutunga shairi la beti kumi na mbili juu ya milima ya Usambara. Lilikuwa na vina na mizani kamili, nalo lilisifiwa. Baada ya safari hii tulilitafuta sandukuni tukalisoma upya. Humo miti ilikuwa bahari ya kijani, ukungu ulikuwa tanga la jahazi, na maua ya mwituni yalikuwa waridi na asumini, tena yakinukia. Hapakuwa na mti hata mmoja ulioitwa kwa jina lake. Tuliupanda mlima tukiwa na macho ya pwani, na tulichokiona huko juu kilikuwa ni pwani. Basi mwanafunzi wa kidato cha tatu ametushinda kwa jambo moja, kwamba yeye bado ana umri wa kujifunza.

Je, chanzo cha upungufu huu ni nini? Wapo watakaosema kwamba ushairi wa Kiswahili ulizaliwa pwani, na kwa hiyo hauna zana za mlimani. Rai hii ina nusu ya ukweli. Ni kweli kwamba washairi wa kale walijaa bahari: jahazi, nanga, tufani, kusi na kaskazi. Lakini tuangalie walichokifanya kwa bahari hiyo. Waliziita sehemu za chombo kwa majina yake, moja baada ya moja, bila kuona haya kwamba ni maneno ya mabaharia na mafundi. Leo mwanafunzi wa Dodoma, asiyepata kuiona bahari, anajua kwamba mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Hajui tezi inafananaje, lakini neno ni lake; amelirithi. Pwani iliitajirisha nchi nzima kwa kutaja vitu vyake. Kwa hiyo hatuwezi kuwalaumu watu wa pwani kwa kusema ya kwao. Lawama ni yetu sisi tulioyakuta maneno yao yametosha, tukaacha kutafuta ya mlimani. Mwanafunzi wa Tanga, aliye karibu na Amani kuliko wa Dodoma alivyo karibu na bahari, halijui neno mtambara.

Tena si kweli kwamba Kiswahili hakijapata kuipanda milima hiyo. Kipo kitabu cha *Habari za Wakilindi*, alichokitunga Abdallah bin Hemedi, kikachapwa na wamisionari wa Magila, karibu na Muheza, mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20. Humo tunamkuta Mbegha, mwindaji aliyetoka Ngulu, akiingia milimani na mbwa na mikuki yake. Kitabu hicho hakiusifu msitu hata kidogo. Hakina upepo mwanana. Lakini msomaji akimfuata Mbegha huuona msitu kwa sababu kila kitu humo kina kazi. Moshi wa moto wake ndio unaowajulisha wenyeji kwamba yupo mtu. Nyama ya nguruwe mwitu ndiyo inayobadilishwa kwa vyakula vya mashambani, na kutokana na mabadilishano hayo huzaliwa urafiki, na kutokana na urafiki huzaliwa utawala. Simba naye hatajwi kama pambo; kuuawa kwake ndiko kunakomfikisha mwindaji kwenye kiti cha Vugha.

Hatusemi kwamba kitabu hicho hakina upungufu. Ni habari za watawala, na macho yake hukaa zaidi barazani kuliko kisimani. Mwanamke anayeteremka na mzigo wa kuni hapewi nafasi kubwa humo. Lakini kinatufundisha jambo moja ambalo insha zetu zimelisahau: njia ya msituni huelezwa vizuri na mtu aliyeipita kwa haja fulani. Mwanafunzi aliyeambiwa "nenda ukaone mandhari" hupewa haja iliyo nyembamba mno, na haja nyembamba huzaa maneno membamba.

Hapa huenda tukaulizwa: je, mnataka tuyaingize maneno ya makabila katika lugha ya taifa, na hali tumejitahidi miaka mingi kujenga umoja? Swali hili ni la haki, nasi hatulipuuzi. Tunajibu kwamba umoja wetu haukujengwa kwa kuyazika ya makabila. Desemba 1962 Mwalimu Nyerere alipolieleza Bunge kwamba ameunda wizara ya utamaduni wa taifa, aliitaka itafute mila zilizo bora za makabila yote na kuzifanya sehemu ya utamaduni wetu sote. Lugha yenyewe imekwisha kufanya hivyo. Neno *ikulu* limetoka bara. Neno *kitivo*, ambalo kila mwanafunzi anayetamani Chuo Kikuu hulitamka kwa heshima, limetoka katika lugha za milima ya Upare na Usambara, na huko Lushoto lingali jina la bonde linalolimwa. Hakuna asemaye kwamba *kitivo* ni la kilugha tu. Lilipovikwa joho lilisahauliwa kwao. Basi kama mlima umetupa neno la kuita mahali pa elimu ya juu, itakuwaje tuone haya kuuomba jina la ua lake?

Tena yapo mambo makubwa kuliko majina ya maua. Sisi tuliofanya kazi serikalini tumeandika nyaraka nyingi juu ya kuhifadhi mazingira. Neno *mazingira* ni neno jema, lakini limetumika sana katika mikutano hata limechakaa. Mkulima akilisikia hujua kwamba kuna amri inakuja. Wasambaa wana usemi wao: kuiponya nchi ni *kuzifya shi*, na kuiharibu ni *kubana shi*. Mwanahistoria Steven Feierman, katika kitabu alichokitoa mwaka 1990, ameeleza kwa kirefu jinsi semi hizi mbili zilivyokuwa mizani ya kupimia utawala. Mvua iliponyesha na chakula kikapatikana, mtawala alihesabiwa kuwa ameiponya nchi. Njaa na ugomvi vilipozidi, aliulizwa yeye. Tazama tofauti iliyopo. Katika nyaraka zetu mwananchi ndiye anayeharibu na ofisi ndiyo inayohifadhi. Katika usemi wa Kisambaa mwenye madaraka naye huwekwa mizanini.

Tofauti hii si mchezo wa maneno. Njia za Amani hazikuanza kwa watembezi. Wapo waliozipita na mizigo ya kuni, wapo waokotao mbegu za msambu zenye mafuta mazito, wapo waendao kuchuma chai katika mashamba yanayopakana na msitu. Mwanzoni mwa karne hii wakulima wa Derema, waliokuwa wakilima iliki chini ya kivuli cha miti mikubwa, walitakiwa kuyaacha mashamba yao kwa kulipwa fidia, ili vipande vya msitu viungane. Hatukukusudia kuamua hapa nani alipata haki na nani alipunjwa. Twasema tu kwamba mwanafunzi aliyeipita njia ya Derema, akaandika juu ya utulivu wa msitu, bila kujua kwamba utulivu huo una historia na una gharama, hakupewa safari kamili. Amelipiwa nauli, lakini hakupelekwa.

Tungependa basi kutoa rai tatu kwa walimu wenzetu wa lugha, nazo hazihitaji fedha. Kwanza, kabla ya safari, kila mwanafunzi aulize nyumbani au kwa jirani jina la mti mmoja, kwa lugha yoyote aijuayo mzee huyo, pamoja na kazi ya mti huo. Pili, katika insha ya safari yapigwe marufuku kwa muda maneno yafuatayo: mandhari, mwanana, kupendeza na kuburudisha. Mwanafunzi aliyenyang'anywa maneno hayo atalazimika kutazama. Tatu, majina yatakayokusanywa yaandikwe katika daftari moja la shule, pamoja na jina la kijiji yalikotoka, na daftari hilo litunzwe maktabani. Baada ya miaka kumi shule itakuwa na hazina ambayo watunga kamusi watakuja kuipigia hodi.

Nao washairi, tukiwamo sisi, tuna kazi yetu. Mkataa kwao mtumwa, na lugha inayokataa milima yake haina budi kuitumikia pwani milele, hata pale ambapo pwani yenyewe haikuomba utumishi huo. Shairi letu la beti kumi na mbili tumelirudisha sandukuni. Tumeanza jingine. Hadi sasa lina ubeti mmoja, na katika ubeti huo mna mtambara, udongo mwekundu, na mtu mzima anayeteleza.

Ubeti wa pili tumeuacha wazi. Tumemwandikia mwalimu wa darasa lile barua, kumwomba amwulize binti yule kama bibi yake atatukubalia tumtembelee. Ikiwa atakubali, tutapanda tena, na safari hii tutaanzia nyumbani kwake kabla ya kufika jabalini. Tunamwomba mwalimu naye aje, na saa yake aiache nyumbani.